Mtego wa kantangaze sio pambo la shamba

Wiki iliyopita nimefungua mtego wa kantangaze, yule nondo ambaye funza wake wanakula nyanya, wa mkulima mmoja huku Meru, ule wa delta wenye umbo la pembetatu, kautundika kwenye mti wa mpakani juu mpaka nikaomba ndoo ya kusimamia. Ndani karatasi la gundi limejaa vumbi, nzi wawili watatu na jani kavu, basi. Namuuliza kile kimpira cha harufu ya kuvuta nondo dume umeweka lini, akafikiria weee, akasema "tangu tunahamisha miche". Miezi mitatu hiyo! Na ananiambia bwana shamba mi sina kantangaze, mtego si unauona hauna kitu. Nikachuma jani moja la nyanya yake hapo hapo, nikaliinua juani, funza anaonekana kabisa anakula katikati ya ngozi mbili za jani, kinyesi cheusi nyuma yake.

Jamani, huyu mdudu tunaye Tanzania tangu 2014 na bado mtego tunautundika kama picha ya ukutani. Mtego usiohesabiwa ni bora usingekuwepo, maana unakulaza usingizi, na jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 260, kwenye joto la nyuzi 27 yai linakuwa nondo kwa siku kama 24 tu.

Kwanza kimo. Miche ikiwa midogo mtego ukae sentimita 20 mpaka 40 kutoka ardhini, nyanya ikirefuka unaupandisha nayo taratibu. Usiuweke usawa wa macho yako, we sio nondo. Anayetumia beseni la maji, kimpira kining'inie sentimita 1 au 2 juu ya maji na udondoshee sabuni ya maji kidogo, bila sabuni nondo anaelea afu anaondoka zake.

Uwekwe wiki 2 kabla ya kuhamisha miche, usisubiri uone majani yameungua ndo ukimbilie dukani. Kimpira kinafanya kazi wiki 4 mpaka 6, baada ya hapo ni takataka, kwa hiyo andika tarehe kwa maka peni ubavuni mwa mtego, hilo nalo mpaka nije mimi? Cha akiba kaa nacho friza. Na usikishike kwa mkono uliotoka kuchanganya dawa.

Kwa eka moja mitego 2 inatosha kupima. Chagua siku, tuseme Jumatatu, kila wiki siku hiyo hiyo, hesabu, andika kwenye daftari, toa waliokufa. Namba ikianza kupanda ingia shambani ukague majani, ikizidi 30 kwa wiki kwa mtego mmoja usilale, hapo piga dawa jioni funza wakiwa bado wadogo, akishaingia kwenye tunda umechelewa, dawa haimfikii. Na usitegemee mtego umalize kazi peke yake, unakamata madume tu, majike yako bize yanataga.

Dawa yenyewe soma kiambata, yaani ile kemikali inayoua mdudu, sio rangi ya chupa. Wengi wanabadili chupa tatu kumbe kiambata ni kile kile.

Ukiona namba inashuka na majani ya juu yanatoka safi, umepatia. Nyanya zilizotobolewa usimwage mpakani, zifunge kwenye mfuko wa plastiki uziache juani, ukizimwaga pale wiki ijayo utawahesabu wewe mwenyewe kwenye mtego.