Jinsi ya kumchagulia mzee skuta ya umeme itakayomfaa hapa kwetu

Skuta ninayoizungumzia ni ile ya kukalia: kiti kinachozunguka, usukani uliosimama mbele, magurudumu matatu au manne, kwa ajili ya mtu ambaye miguu haimbebi mbali. Si ile ya kusimama wanayochezea vijana, wala si pikipiki ya umeme. Chimbuko lake ni Michigan, Marekani, ambako mwaka 1968 Allan Thieme alimuundia mtu wa familia yake aliyekuwa mgonjwa. Tangu hapo nyingi zimeendelea kuundwa kwa ajili ya njia za huko: sakafu ya supamaketi na kando ya barabara iliyosakafiwa. Tabu zake nyingi hapa Dar zinaanzia hapo.

Nyingi ninazozitengeneza zimefika kwa njia moja. Mtoto aliye Uingereza, Marekani au Dubai anaona tangazo, bei inamvutia, ananunua, skuta inapakiwa kwenye kontena. Mimi nakutana nayo mwisho wa safari, chaja imeungua au skuta yenyewe haipiti mlango wa chumbani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani kwa mzee. Dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha anahitaji skuta, si kiti mwendo

Mtu wa skuta awe na uwezo wa kukaa wima bila kulalia ubavu, kunyoosha mikono kushika usukani kwa muda mrefu bila mabega kuchoka, na kuhama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha skuta, hata kama ni kwa kushikwa kidogo. Kama kiharusi kimemlegeza kiwiliwili, au makalio yana ganzi na vidonda vya mgandamizo vimeshaanza kumsumbua, achana na skuta. Huyo anahitaji kiti mwendo cha umeme cha kuendeshea joistiki, chenye mto maalumu, na mtu wa fiziotherapia amwone kwanza.

Macho nayo. Uingereza hushauri mwendeshaji wa skuta aweze kusoma namba ya gari kutoka mita 12.3. Msimamishe mzee getini, hesabu hatua, mwombe asome namba ya bajaji iliyoegeshwa. Dakika mbili tu.

Hatua ya 2: Pima njia yote, kuanzia kitandani

Chukua tepu na karatasi. Usipime nyumba tu. Pima njia ambayo mzee ataipita kweli: kitandani, korido, barazani, getini, mtaani, mpaka dukani, msikitini au kanisani. Andika mambo manne.

Upana wa kila mlango, ukiwa umefunguliwa, kutoka ukingo wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Skuta ndogo ina upana wa kama sentimita 50 hadi 55, kubwa hufika 65 na kuzidi. Lakini mlango wa sentimita 70 hauwi na nafasi ya kutosha ikiwa skuta inauingia kwa kukata kona kutoka korido nyembamba. Chora umbo la skuta kwa chaki sakafuni, urefu na upana wake, halafu fikiria inavyopinda. Kama haipindi, mzee atatoka chumbani kinyumenyume kila asubuhi, na kinyumenyume ndiko wanakogonga.

Urefu wa kila kizingiti na ngazi. Skuta ndogo za kufungulika nyingi zina uwazi wa sentimita 5 hadi 8 tu chini ya tumbo. Ikivuka kizingiti kirefu, gurudumu la mbele linapita, tumbo linakaa juu ya saruji, na magurudumu ya nyuma yanabaki yakisugua bila kushika. Ngazi moja ya barazani inataka rampu, na kipimo cha rampu ni 1 kwa 12: ngazi ya sentimita 15 inahitaji rampu yenye urefu wa mita 1.8. Fundi mwashi atataka kukufupishia kwa sababu uwanja ni mdogo au saruji imekwisha. Usikubali. Kuna kitu watu hawakioni mpaka yawakute: nyuma ya skuta kuna vigurudumu viwili vidogo vya kuzuia isipinduke. Rampu ikiwa kali, skuta inapoanza tu kupanda, vile vidogo vinagusa chini kwanza na kuyanyanyua magurudumu yanayosukuma. Motor inaunguruma, mzee haendi popote. Wenye nyumba huja kuniambia motor imekufa.

Aina ya ardhi. Lami na vitofali vya kusakafia havina neno kwa skuta yoyote. Kokoto zinataka tairi kubwa za upepo. Mchanga mzito, kama wa baadhi ya mitaa ya Kigamboni na Mbagala, ni adui wa zote, na ndogo yenye tairi ngumu itazama pale pale. Kama mita hamsini za kwanza kutoka getini ni mchanga, pesa ya kwanza iende kwenye kusakafia hizo mita hamsini.

La nne ni mahali pa kulala skuta: pakavu, pamefungwa, na soketi iwe karibu. Skuta inayolala nje masika moja tu, kontrola yake (kisanduku cha elektroniki kinachoongoza motor) hufa, na kontrola ndiyo kipuri kinachouma mfuko kuliko vingi vingine.

Hatua ya 3: Magurudumu matatu au manne

Matatu hupinda padogo na hutoa nafasi ya kunyoosha miguu, kwa hiyo yanafaa ndani ya nyumba na kwenye maduka yenye njia finyu. Manne hutulia kwenye mteremko na njia mbovu. Kwa mtaa wa kawaida wa hapa, wenye mashimo na mifereji kando, mimi hushauri manne, hata kama muuzaji anasifia matatu. Skuta ya matatu ikikata kona kwa mwendo huku upande mmoja umeinama, inakwenda chini.

Uzito wa mzee lazima uwe chini ya uwezo ulioandikwa, na uongeze mkoba, mfuko wa unga na mjukuu atakayedandia. Skuta ndogo hubeba kama kilo 115 hadi 135. Kubwa hupita 160.

Hatua ya 4: Jaribu mkono

Skuta nyingi huenda kwa leva iliyo chini ya mshikio: ukivuta kwa vidole vya kulia inaenda mbele, ukivuta ya kushoto inarudi nyuma, ukiachia inasimama yenyewe kwa breki ya umeme. Kuachia ndiyo breki. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtu akishtuka hukaza mkono, haachii.

Fanya hivi kabla ya kulipa. Weka kitufe cha mwendo kwenye kiwango cha chini kabisa, mahali pa wazi. Mwache mzee azoee. Kisha akiwa anatembea, mwambie ghafla, “Baba, simama!” Usiangalie uso wake. Angalia vidole. Vikifunguka, vizuri. Vikikaza na skuta ikasonga mbele, rudia baada ya mapumziko, na kama bado vinakaza, mtafutie skuta ambayo leva yake inasukumwa kwa dole gumba. Kwa baadhi ya watu, hofu hufanya gumba liachie wakati vidole vinabana. Wapo pia ambao haiwezekani kwa namna yoyote, na ni heri kulijua hilo uwanjani kuliko barabara ya Morogoro.

Mwenye baridi yabisi au mkono unaotetemeka anahitaji usukani wa duara uliozunguka mbele, ambao anaweza kuusukumia kiganja au upande wa mkono. Uliza pia kama leva za mbele na nyuma zinaweza kubadilishwa pande. Kwenye nyingi ni kazi ndogo ya fundi.

Mwendo wenyewe usikusumbue. Kilomita 6 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha skuta za kutembea kando ya barabara Uingereza, ni sawa na mtu anayetembea kwa haraka. Zipo za kilomita 13 kwa saa. Sijaona mzee aliyeihitaji kasi hiyo, nimeona wajukuu wengi walioihitaji.

Hatua ya 5: Tafuta betri kwanza, nunua skuta baadaye

Hatua hii ndiyo inayoamua kama skuta itakuwa inatembea baada ya miaka miwili au itakuwa kabati la nguo barazani.

Skuta nyingi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, za risasi zilizofungwa, zisizoongezwa maji. Ndogo hutumia za Ah 12 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), za kati Ah 35 hadi 40, kubwa 75 na kuendelea. Kabla hujalipia skuta, nenda kwa wauza betri Kariakoo na karatasi yenye Ah na vipimo vya urefu, upana na kimo, uone kama ipo. Za Ah 12 hupatikana kirahisi kwa sababu hutumika pia kwenye vifaa vya kuhifadhi umeme wa kompyuta, ila hizo zimeundwa kukaa zimejaa zikisubiri umeme ukatike. Zitaendesha skuta, lakini hazitadumu kama zile za kutolewa chaji hadi chini na kujazwa tena. Waulize wauza vifaa vya sola. Betri ya gari usiiweke kabisa, hata ukiambiwa ina nguvu: imeundwa kuwasha injini mara moja, na ya maji ikiinama inamwaga asidi.

Umbali ulioandikwa na mtengenezaji umepimwa kwa mtu mwepesi, njia tambarare, betri mpya. Mimi hugawa kwa mbili. Joto la hapa nalo linakula: kanuni wanayoitumia watu wa betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Kwa hiyo skuta isiegeshwe juani, na ichajiwe kila jioni iliyotumika, hata kama ilikwenda dukani tu. Betri ya risasi iliyoachwa tupu wiki kadhaa haifufuki. Zikifa, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Litiamu ni nyepesi na hudumu, ila inataka chaja yake yenyewe na ikiharibika utaagiza kutoka nje.

Hatua ya 6: Soma mgongo wa chaja

Geuza chaja, tafuta neno INPUT. Ikiandika 100-240V, salama. Ikiandika 115V au 110-120V peke yake, ni ya Marekani, na siku utakapoichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 itatoa moshi. Adapta ya plagi haibadilishi volti, inabadilisha umbo la pini tu. Suluhisho ni kununua chaja nyingine ya volti 24, yenye kichwa kile kile (nyingi ni cha duara, pini tatu) na ampea zinazolingana na betri: 2 kwa betri za Ah 12, 5 kwa za Ah 35. Ichomeke kupitia friji gadi, kwa sababu umeme unaporudi hurudi kwa kishindo.

Hatua ya 7: Kukagua iliyotumika

Iwe imechajiwa usiku kucha, kisha ikae saa chache bila chaja. Pima kila betri kwa multimita, kile kifaa cha mafundi cha kupimia volti: nzima huonyesha karibu volti 12.8. Zikitofautiana sana, moja inakufa. Kisha panda mwinuko ukiangalia mshale wa chaji. Ukishuka hadi kwenye nyekundu na kurudi juu ukifika tambarare, betri zimechoka, na bei iteremke kwa gharama ya betri mpya.

Simama katikati ya mteremko, achia leva. Isiteleze hata kidogo. Tafuta pia leva ya nyuma ya kuachia gia, inayokuwezesha kuisukuma kwa mkono. Ikiachiwa, breki haipo, kwa hiyo isiguswe mlimani. Soma saizi ya tairi: 4.10/3.50-4 hutumika pia kwenye troli za mizigo, kwa hiyo tyubu utaipata.

Hatua ya 8: Safari na forodha

Kwa ndege, betri ya litiamu inayotolewa isizidi Wh 300 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), au ziwe mbili zisizozidi 160 kila moja. Zidisha volti kwa Ah: 24 mara 12 ni 288. Shirika la ndege liarifiwe mapema, nawe upate jibu la maandishi.

Kwa kontena, hakikisha wakala anajua kwamba fungu la 8713 la ushuru ni la viti na vyombo vya watu wenye ulemavu, vikiwemo vya motor, na kwamba Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 lina msamaha kwa vifaa vilivyoundwa mahususi kwa ajili yao. Mpe cheti cha daktari na karatasi ya mtengenezaji kabla mzigo haujafika bandarini, maana ukishaandikwa kama pikipiki, kuurekebisha ni kazi ya wiki nyingi huku gharama za kuhifadhi zikipanda.