Sherehe ya wikendi nyumbani bila kuachiwa rundo la taka: kuanzia kreti hadi mkaa

Shemeji yangu anakaribisha watu kama thelathini nyumbani kwake Tabata Jumamosi hii, na akaniomba nimwelekeze jinsi ya kupanga vinywaji bila kuamka Jumapili na uwanja uliojaa chupa za plastiki na sahani za foili. Nilimweleza kwa simu, halafu nikaona bora niandike, kwa sababu swali hili naulizwa sana. Kazi yangu ni vinywaji vya shughuli ndogo za nyumbani: kipaimara, siku ya kuzaliwa, vikao vya kamati ya harusi vinavyoanza na ajenda na kuishia na bia. Nimeandika kwa mazingira ya Dar es Salaam. Ukiwa mkoani utabadilisha kidogo, na mara nyingi kwako itakuwa rahisi zaidi.

Hatua ya 1: Hesabu watu, usihesabu sifa

Andika majina. Nyama robo kilo kwa mtu inatosha kabisa kama kuna ndizi za kuchoma, mihogo na kachumbari. Kuku au samaki ni nafuu kwa mazingira kuliko ng'ombe kwa mbali, maana ng'ombe akicheua anatoa methani. Sisemi mwache nyama choma. Nasema kilo kumi na tano za ng'ombe kwa watu thelathini ni za kuonyesha majirani.

Hatua ya 2: Chupa zinazorudi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo vumilia.

Chupa ya kioo ya soda au bia ya viwanda vyetu ikirudi inaoshwa, inakaguliwa na kujazwa tena. Inaweza kuzunguka hivyo mara ishirini na zaidi. Lakini kioo huyeyushwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, na chupa ni nzito kusafirisha. Chupa ya kioo inayonywewa mara moja na kutupwa inaweza kuwa hasara kubwa kuliko ya plastiki. Faida yote iko kwenye kurudi, na kurudi kunapangwa kabla hujatoa hela.

Nenda duka la jumla la mtaani, lile lenye makreti yamepangwa nje. Usiende supamaketi, huko utaishia kwenye makopo. Mwenye duka mweleze kwamba ni shughuli na huna chupa tupu. Atakutoza hela ya chupa na ya kreti juu ya bei ya kinywaji, na utarudishiwa ukirudisha. Mwambie aandike kwenye risiti: kreti ngapi, chupa ngapi, za kinywaji gani, hela ya chupa kiasi gani. Bila karatasi hiyo, Jumatatu utamkuta kijana mwingine dukani asiyekujua, na hapo mazungumzo yanakuwa marefu.

Muulize pia kama anapokea vinywaji vilivyobaki bila kufunguliwa. Wengi wanakubali, ila kwa masharti ambayo hawayataji mpaka siku unarudisha. Sharti kubwa ni lebo. Lebo ya karatasi ya bia ikilowa kwenye maji ya barafu inabanduka, na bia isiyo na lebo hakuna muuzaji atakayeipokea, hata kama kizibo hakijaguswa. Watu wanapoteza hela nyingi hapa. Wanamimina kreti zote kwenye pipa la barafu saa nane mchana, usiku zimebaki kreti mbili, lebo zinaelea juu ya maji kama majani ya chai. Poza kwa awamu: kreti moja ndani, nyingine zibaki kavu kivulini. Soda nyingi za kioo zimechapwa maandishi kwenye chupa yenyewe, hizo hazina shida hiyo.

Usichanganye familia. Coca-Cola, Fanta, Sprite na Stoney Tangawizi zinakaa kreti moja. Pepsi, Mirinda na 7Up zina kreti zao. Ukirudisha Mirinda ndani ya kreti la Fanta, dukani watakuhesabia pungufu. Mimi kwa shughuli ndogo nachagua familia moja tu ya soda na aina mbili za bia, basi. Mgeni anayetaka kitu kingine aje nacho, na aondoke na chupa yake.

Hesabu chupa zinapoingia getini, mbele ya aliyezileta. Chupa yenye mdomo uliomeguka irudishe palepale, kwa sababu baadaye itasemwa ni wewe uliyeivunja. Siku yenyewe weka kreti tupu kando ya vinywaji, mahali mtu anapoliona. Ukilificha jikoni, chupa zitaishia chini ya viti, kwenye maua, na juu ya ukuta wa jirani. Watoto wa nyumba ni wazuri sana kwa kazi ya kukusanya. Wape vizibo wachezee drafti. Sigara isizimwe ndani ya chupa, weka kopo la mchanga. Na wale wanaoondoka na soda mkononi wakipanda bodaboda, waombe kwa heshima wamalizie hapo.

Vinywaji vya chupa zisizorudi, kama mvinyo na pombe kali, nunua chupa kubwa moja badala ya ndogo nyingi. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini vichupa vidogo vya plastiki vya pombe kali vimejaa mitaroni vilevile. Kama unataka mvinyo, wa Dodoma umesafiri njia fupi kuliko ule uliovuka bahari. Chupa ya pombe kali ikiisha, bandua lebo na tenganisha kizibo kabla hujaitoa nje. Wapo wanaozitafuta zikiwa nzima ili wazijaze pombe bandia. Ukibaki nazo nyumbani, zinafaa kwa siki, asali au mafuta ya alizeti.

Hatua ya 3: Kupoza

Friji la nyumbani limejaa nyama, na ukilijaza bia za moto halitapoza kimoja. Tumia barafu, lakini kwa akili.

Nunua mabonge makubwa. Bonge linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na halihitaji vifuko vya plastiki. Likiwa la kupozea samaki, kwa mfano lile la Feri, lizunguke chupa tu, lisiingie kwenye glasi ya mtu. Chukua pipa au beseni kubwa, lizungushie magunia au blanketi kuukuu, funika juu, weka kivulini.

Kwa hesabu, kilo moja ya barafu ingeweza kushusha lita tatu za kinywaji kutoka nyuzi 30 hadi karibu nyuzi 4, kama hakuna joto la nje linaloiba. Linaiba, na kioo chenyewe nacho kinataka kupozwa. Panga kilo moja kwa lita moja hadi moja na nusu. Kreti ya soda yenye chupa 24 ni lita saba hadi nane na ushee, kutegemea ujazo wa chupa, kwa hiyo kilo sita hadi nane zinatosha awamu moja.

Ongeza maji. Watu wanabisha hapa, lakini barafu bila maji inaigusa chupa sehemu mbili tatu tu, wakati maji ya barafu yanaikumbatia yote. Chumvi ya mawe viganja viwili inashusha joto zaidi ukiwa na haraka. Ila ukitia chumvi, maji hayo usimwagilie bustani, utaua mchicha. Tumia chooni. Yasiyo na chumvi mwagilia.

Hatua ya 4: Maji na juisi

Ndoo yenye koki. Zile zilizobaki kila nyumba tangu enzi za kunawa mikono mlangoni, zioshe vizuri. Moja ya maji yaliyochemshwa au ya dumu kubwa la kurudisha, moja ya juisi. Katoni za maji ya nusu lita sizileti kwenye shughuli yangu yoyote. Mtu anafungua, anakunywa funda mbili, anaisahau, anafungua nyingine.

Juisi chagua ya ukwaju, rozela au ubuyu. Zote zinatokana na vitu vikavu vya sokoni, hazina haraka ya kuoza, na unaweza kuzipika Ijumaa usiku. Beba kikapu. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 1, 2019, lakini hivyo vifuko laini vya sokoni navyo ni taka. Mirija sahau.

Hatua ya 5: Mnazi, kama unaupata

Kwa upande wangu hakuna kinywaji kisafi kuliko mnazi wa mgema unayemjua: hauna kiwanda, lebo wala lori. Lakini haungoji. Unaendelea kuchacha, kwa hiyo nunua uliogemwa asubuhi hiyohiyo, beba kwenye dumu, na kizibo usikikaze, la sivyo dumu litatuna na kupasuka ndani ya bajaji. Uliobaki uache kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa, siku kadhaa baadaye una siki ya achari. Gongo usiiguse hata ukiambiwa ni ya bibi yake nani.

Hatua ya 6: Vyombo

Kodi. Kila mtaa una mama anayekodisha sahani na glasi. Waambie wageni waje na kontena za kubebea chakula kitakachobaki, ili usinunue foili.

Hatua ya 7: Moto na muziki

Mkaa wa tanuri la udongo unakula kilo sita hadi kumi za kuni kwa kila kilo moja ya mkaa. Pilau na ndizi pika kwa gesi. Choma kwa mkaa wa vifuu vya nazi. Unachelewa kushika, kwa hiyo uwashe mapema, lakini ukishashika unadumu na hauna moshi mwingi. Nyama ikiisha, funika jiko lizimike, mkaa uliobaki ni wa kesho. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na wachoma nyama tutakuwa wa mwisho kukubali.

Jenereta usikodi kwa ajili ya spika. Umeme wa gridi sasa una bwawa la Julius Nyerere la Rufiji, mitambo ya megawati 2,115, hautatishwa na Bongo Fleva yako. Ukikatika, imbeni.

Hatua ya 8: Jumapili asubuhi

Anza na kreti kabla ya kufagia, kwa sababu fagio linavunja chupa zilizolala kwenye majani. Zipange kwa familia, hesabu ukilinganisha na risiti, suuza zilizoingia mchanga. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa usiichanganye humo, harufu haitoki na kiwandani itakataliwa.

Plastiki zilizokuja na wageni weka kando, safi na kavu, umpe muokota chupa wa mtaani. Yeye anauza kwa kilo, na zikiwa zimechanganyika na makombo zinampa kazi bure. Maganda ya ndizi na mihogo mpe mwenye mbuzi. Mifupa fukia.

Kreti zirudishe Jumatatu, Jumanne mwisho. Bajaji moja inabeba kreti nne bila ubishi. Ukitaka abebe sita, kubaliana bei kabla hajaanza kupakia.