Gari ya Japani imekuja na tairi za theluji: jinsi ya kuzijua, na saizi gani uweke kwa tope la huku

Kama unanunua gari kwenye bondi (yadi ya magari ya nje) Kampala, au umeagiza mwenyewe ikashuka Mombasa ikapitia Malaba, kabla hujaanza kuwasha redio na kujaribu viti inama kwanza uangalie tairi. Gari nyingi za Uganda ni mtumba wa Japani, na Japani kule kaskazini kama Hokkaido theluji inakaa miezi, watu wana seti mbili za tairi, moja ya joto moja ya baridi, sasa gari ikiuzwa inaondoka na seti yoyote iliyokuwa imefungwa siku hiyo. Ndo unakuta Toyota Wish imesimama na tairi za theluji na muuzaji anakwambia boss hizi bado mpya kabisa, angalia kashata zilivyojaa. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimejaa kweli. Shida iko kwenye mpira.

Tairi ya theluji mpira wake ni laini makusudi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi tairi ya kawaida inaanza kukakamaa, hii inabaki laini na kushika. Sasa wewe unaileta Kampala ambako mchana ni 27, 28, na lami yenyewe imechemka zaidi ya hapo, mpira unalegea, kashata zinachezacheza chini ya gari, ukipiga breki inakwenda mbali kabla haijasimama, stelingi inakuwa nzito kujibu, na tairi inalika haraka kuliko ulivyotegemea. Kwenye lami yenye maji ndo mbaya kabisa, na sisi mvua tunaijua, Machi mpaka Mei halafu tena Septemba mpaka Novemba.

Kuzijua si kazi. Soma ubavuni. Ukiona STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, hiyo ni ya theluji. (Zamani Wajapani walitumia zenye misumari, zikasaga barabara mpaka vumbi likawa balaa mjini, miaka ya 1990 zikapigwa marufuku wakahamia hizi.) Alama nyingine ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, ingawa hiyo utaiona pia kwenye baadhi ya tairi za A/T (all-terrain, za lami na njia mbovu) kwa hiyo usihukumu kwa alama moja. M+S (mud and snow, tope na theluji) peke yake isikutishe, hiyo inaandikwa hata kwenye tairi za kawaida za gari za juu. Halafu angalia herufi ya spidi baada ya saizi, za theluji za Japani nyingi zina Q, mfano 195/65R15 91Q, wakati ya kawaida utakuta S, H au V.

Kama maandishi yamefutika sogea karibu uangalie kashata zenyewe. Kila kipande kina mikato myembamba mingi ya mawimbi, kama mtu amepitisha wembe, na ukibonyeza kwa kidole gumba inafunguka kidogo. Ndiyo inayouma barafu. Blizzak inaongeza na vitundu vidogo ndani ya mpira vinavyonyonya maji yaliyo juu ya barafu, kazi safi kwa mtu wa Sapporo. Theluji yetu sisi iko milima ya Rwenzori, huko juu kilele cha Margherita, mita 5,109, na huko hakuna gari inayofika.

Angalia na umri, ubavuni kuna msimbo unaoanza na DOT, soma ile namba yake ya mwisho yenye tarakimu nne, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya theluji iliyozeeka imekauka, sasa haishiki theluji wala lami.

Kuna watu watakwambia ziache zitakusaidia kwenye tope. Hapana. Ile mikato myembamba udongo mwekundu unaijaza dakika moja, tairi inakuwa duara laini la matope linalozunguka tu. Tope linataka mifereji mipana inayojitapisha yenyewe gurudumu likizunguka.

Sasa saizi, na hapa wengi wanaharibu kwa ajili ya muonekano. 195/65R15 maana yake upana milimita 195, ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani kama milimita 127, na rimu ni inchi 15. Ukipanda rimu 16 unaweka 205/55, ubavu unabaki 113. Rimu 17 na 215/45, ubavu 97 tu. Kimo cha gurudumu zima karibu ni kilekile kwa zote tatu, kilichopungua ni mpira kati ya rimu na shimo. Kwa mtu wa lami tupu Kampala–Jinja sawa, atapendeza, lakini kama unapanda Ruhija huko Bwindi, au kijijini kwenu ni marram (udongo wa changarawe) na mawe, hizo milimita 30 ndo tofauti ya kufika na kupinda rimu. Mimi nasema chukua rimu ndogo kabisa ambayo gari yako inakubali bila kugusa breki, na tairi isizidi upana wa kiwandani. Wanaoendesha kwenye theluji wanafanya hivyohivyo, wanashuka inchi moja na kuchukua nyembamba, kwa sababu nyembamba inakata theluji laini hadi chini penye kushika, na kwenye tope jepesi juu ya marram ngumu ni hesabu ileile. Mchanga au tope la kuzama ni habari nyingine, huko upana unasaidia. Kimo cha jumla kisipishane na cha kiwandani zaidi ya asilimia 3 hivi, la sivyo spidomita inakudanganya.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta rimu usihesabu natu tu. Toyota nyingi na Subaru nyingi ni natu 5 kwa 100 (natu tano kwenye duara la milimita 100), lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1, haiingii, na fundi akikwambia tutaipiga tornosi kidogo, yaani kuichonga kwa mashine, ondoka.

Aina: A/T inatosha kwa mtu anayechanganya lami na marram. M/T (mud-terrain, za tope) zina kelele na kwenye lami ya mvua zinateleza, waachie wa mashambani. Zote nne ziwe sawa, usichanganye mbili za theluji na mbili za kawaida, nyuma itakupita kwenye kona, na kwa Subaru tairi za kimo tofauti zinaua difu ya katikati. Presha fuata kibandiko cha mlangoni. Minyororo ya theluji ukiipata ni mali, kwenye tope inavuta vizuri, funga magurudumu yanayosukuma gari, uifungue ukigusa lami.

Na kama gari bado hujailipia, muonyeshe muuzaji hiyo STUDLESS kwa kidole, mwambie atoe bei ya tairi nne kwenye hesabu.