Kukokotoa pengo la nishati la TiO2 ya anatase kwa Quantum ESPRESSO

Kwa anayeanza kutafuta semikondakta za kupasua maji kwa jua kwa Quantum ESPRESSO (programu ya kukokotoa elektroni za fuwele), anatase, fuwele mojawapo ya TiO2, ni ya kujifunzia: vipimo vya maabara vinajulikana (pengo kati ya kanda ya valensi na ya upitishaji ni 3.2 eV), kwa hiyo ukikosea utaona.

Weka ibrav=7 (aina ya kimiani), A=3.785, C=9.514 (pande za seli kubwa, kwa angstrom). Seli ndogo (kipande kidogo kabisa kinachojirudia) ina atomi 6. Andika nafasi zake kwa angstrom: Ti (0, 0, 0) na (0, 1.8925, 2.3785), O (0, 0, ±1.979), (0, 1.8925, 0.3995) na (0, 1.8925, 4.3575). Hapa wengi huteleza. Hunakili namba za jedwali la fuwele na kuziweka chini ya neno crystal badala ya angstrom, wakati crystal husoma vekta za seli ndogo, si za seli kubwa. Hesabu inaweza kwenda hadi mwisho, ila kwa fuwele nyingine kabisa. Pima umbali wa Ti na O: uwe 1.93 na 1.98 Å.

Kisha jaribu ecutwfc (kikomo cha nishati cha mawimbi ya elektroni) 40, 50, 60, 70 Ry mpaka nishati ibadilike chini ya 1 meV kwa atomi. Kwa pseudopotenshali (faili zinazowakilisha kiini na elektroni za ndani) za ultrasoft, ecutrho (kikomo cha msongamano wa elektroni) iwe mara 8 hadi 12 ya ecutwfc. Ukibaki na ile mara 4 ya kawaida, hata vc-relax (hesabu ya kutuliza atomi na seli) itakupa umbo la uongo.

Gridi ya k (nukta ambapo kanda hukokotolewa): 6 6 6 0 0 0. Usiandike 1 1 1 mwishoni, maana utairuka Gamma (nukta k = 0), na ukingo wa chini wa kanda ya upitishaji uko hapo hapo. Pengo litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Tumia occupations='fixed' na nbnd=32 (idadi ya kanda). Ti ikiwa na elektroni 12 za valensi, kanda 24 zimejaa. Bila kanda tupu, mstari wa "highest occupied, lowest unoccupied level" hautoki.

PBE (kadirio la kawaida la jinsi elektroni zinavyoathiriana) itatoa kama 2.1 eV. Si kosa lako: PBE hupunguza mapengo. HSE06, kadirio zito zaidi, huzidisha kidogo, kama 3.6. Kuongeza U (sahihisho la mkono kwa elektroni za d za Ti) hadi pengo lifike 3.2 ni kujidanganya.

Kwa kupasua maji, pengo peke yake halitoshi, hata likizidi 1.23 eV zinazohitajika: kingo za kanda nazo ziwe mahali pake. Tengeneza bamba (tabaka jembamba la fuwele) lenye ombwe la Å 15, toa potenshali kwa pp.x (plot_num=11), kisha ipatie wastani kwa average.x. Kwa pH 0, ukingo wa upitishaji uwe juu ya −4.44 eV kutoka ombwe (kiwango cha kutoa hidrojeni), na wa valensi chini ya −5.67 (cha kutoa oksijeni). Potenshali ikiinama ndani ya ombwe, bamba lina dipoli: lifanye nyuso mbili zilingane.