Somo: Kupunguza kelele na kukatikakatika katika mtandao wa faiba wa wateja, Lubumbashi

Mteja akilalamika kwamba intaneti inasuasua, fundi wengi hubadilisha modemu kwanza, na isipopona huomba kituo kiongeze nguvu ya mwanga. Somo hili linakwenda kinyume: tunasafisha, tunapima, tunaandika, na vifaa vipya vinakuja mwisho kabisa. Ninazungumzia mtandao wa aina ya GPON, ambamo uzi mmoja wa kioo hutoka kwenye mtambo wa kituo, yaani OLT, ukagawanywa na splita zisizotumia umeme hadi kuwafikia wateja 32 au 64.

Kwanza tuelewane kelele inatoka wapi. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo transfoma iliyo jirani haiwezi kuingiza kelele ndani ya uzi. Kelele nyingi huzaliwa ndani ya kipokezi chenyewe, na madhara yake huonekana pale mwanga unaofika unapokuwa hafifu mno kiasi cha kukaribiana nayo. Chanzo cha pili ni mwanga unaorudi nyuma kutoka kwenye konekta mbovu: ukiifikia leza huiyumbisha, na ukigonga konekta mbili mbovu mfululizo hufika kwa mpokeaji ukiwa umechelewa na kuvuruga ule ulio halali. Hivyo kupambana na kelele maana yake ni kulinda mwanga usipotee njiani na usirudi ulikotoka.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kupanda ngazi

Kwa vifaa vya daraja B+ (kimojawapo cha viwango vya nguvu vya vifaa vya GPON), upotevu wa mwanga katika njia nzima haupaswi kuzidi desibeli 28, wala kuwa chini ya 13. Tuchukue mteja aliye kilomita 6 kutoka kituoni. Tunahesabu kwa mawimbi ya nanomita 1310, yale ambayo modemu hutumia kurudisha data, kwa kuwa ndiyo hupotea zaidi: 0.35 kwa kilomita, jumla 2.1. Splita ya 1:4 ikifuatwa na ya 1:8 huchukua karibu 18. Lehemu sita (maungo ya uzi yaliyoyeyushwa pamoja) zilizofanywa vizuri ni 0.6, na konekta sita zilizo safi ni kama 1.8. Jumla ni 22.5, na akiba iliyobaki ni 5.5. Mimi sikubali akiba iliyo chini ya 3, kwa sababu kebo itakatika siku moja, na kila tengenezo litakula sehemu yake.

Hatua ya 2: Safisha konekta, zote, pande zote mbili

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kiini cha uzi kinachobeba mwanga kina upana wa mikromita 9 hivi, wakati unywele wa mtu hufika 70. Katika kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi jekundu huingia kila mahali, na chembe moja isiyoonekana kwa macho hutosha kufunika kiini chote. Ubaya zaidi ni kwamba ukiunganisha konekta chafu, chembe hiyo husagwa kati ya vioo viwili na kuacha mkwaruzo ambao hakuna kitambaa kitakachouondoa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: tazama kwa darubini ya konekta, safisha, tazama tena, ndipo uunganishe. Anza kwa kalamu ya kusafishia ikiwa kavu. Uchafu ukigoma, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha futa kwa sehemu kavu. Alkoholi ya asilimia 70 inayouzwa famasi ina maji mengi, nayo huacha utando ambao kwenye darubini huonekana kama duara la kijivu lenye kingo. Usisahau upande uliojificha ndani ya adapta. Mafundi husafisha konekta waliyoishika mkononi na kuichomeka kwenye uchafu uleule. Kifuniko cha plastiki nacho si ushahidi wa usafi, hata kama ndiyo kwanza kimetoka kwenye mfuko mpya. Na kabla ya kutazama chochote, hakikisha mwanga umezimwa au darubini yako ni ya kamera, kwa maana mwanga huu hauonekani lakini unaumiza jicho.

Hatua ya 3: Rangi zisichanganywe

Konekta ya kijani imekatwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaoakisiwa utoke pembeni usirudi kwenye leza. Ya buluu haina mshazari huo. Ukizichomeka pamoja zitaingia, taa itawaka, na mteja atapata intaneti kidogo, lakini baina yao kuna nafasi ya hewa inayopoteza mwanga na kuakisi vibaya. Hakuna kusafisha kunakoponya kosa hilo.

Hatua ya 4: Tafuta mikunjo

Pima uzi kwa OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kuonyesha upotevu uko umbali gani, katika mawimbi mawili, 1310 na 1550. Lehemu mbaya hupoteza karibu sawa katika yote mawili, ila mkunjo hupoteza zaidi sana katika 1550. Ukiona tofauti hiyo, fungua sanduku lililo karibu na umbali huo, utakuta uzi umebanwa na mfuniko au umefungwa kwa kamba ya plastiki iliyokazwa mno. Ndani ya nyumba tumia uzi wa aina ya G.657.A2, unaovumilia kona ya nusu kipenyo cha milimita 7.5, ule wa kawaida wa G.652 unahitaji milimita 30.

Hatua ya 5: Andika

Siku ya kumfungia mteja, andika nguvu ya mwanga inayomfikia na ile inayofika kituoni kutoka kwake. Kituoni fuatilia pia hesabu ya makosa yanayosahihishwa, kwani huanza kupanda wakati mteja bado hajahisi lolote.

Maswali ya wanachama (kila mmoja ametajwa kwa komuni yake ya Lubumbashi)

Mwanachama wa Katuba: Yaya, kwa mteja wangu napima nguvu ya mwanga ya −26 dBm na intaneti inaenda. Niache?

Jibu: Usiache, ndugu. Kikomo cha modemu ya B+ ni −27, kwa hiyo umebakiwa na desibeli moja tu. Linganisha na hesabu ya hatua ya 1. Kama karatasi inasema −20, desibeli sita zimepotea mahali, na mahali hapo panatafutika.

Mwanachama wa Ruashi: Wateja wote wa splita moja huanguka kwa pamoja, lakini mwanga kwa kila mmoja ni mzuri. Nimechoka.

Jibu: Modemu hizo hutuma kwa zamu juu ya uzi mmoja. Ikitokea moja imeharibika na kutuma nje ya zamu yake, huwafunika wengine wote. Wakati tatizo lipo, chomoa wateja mmoja mmoja kwenye splita, ukimsikiliza mwenzako aliye kituoni anasema nini. Wengine wakirudi mara baada ya kumchomoa fulani, umeipata. Hii ndiyo hali pekee ambamo nakubali modemu ibadilishwe haraka.

Mwanachama wa Kampemba: Baba, jirani wa mteja ana karakana ya kuchomelea vyuma. Akianza kazi, mtandao unakatika. Si ulisema kioo hakiingiwi na kelele?

Jibu: Kioo hakiingiwi, lakini modemu hula umeme. Mashine ile ikianza, umeme wa mtaa hushuka, na modemu hujizima na kujiwasha. Iweke kwenye betri ndogo yenye kidhibiti kisha uangalie tena. Kama kebo yako ya nje ina waya wa chuma wa kuibeba, usiuingize ndani ya nyumba.

Mwanachama wa Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi, si nchi): Wezi wanakata kebo kwenye nguzo wakidhani ni shaba. Tunalehemu, wanakata tena.

Jibu: Katika mji wa shaba, kila kebo nyeusi inashukiwa. Tumieni kebo isiyo na chuma chochote ndani, mwandike juu yake kwa Kiswahili kwamba haina shaba, na mwache mzunguko wa akiba kwenye kila nguzo ya pili au ya tatu ili tengenezo lisihitaji kipande cha kuongezea. Kipande cha kuongezea huleta lehemu mbili badala ya moja. Sehemu iliyokwisha kukatwa mara kadhaa kati ya masanduku mawili, msiilehemu tena. Vuteni kebo mpya kutoka sanduku hadi sanduku, kisha mpime upya wateja wote walio mbele yake.