Kabla ya kuvuka utepe: maneno ya Kijapani ya vizuizi

Anayejifunza Kijapani asiridhike na neno moja tu la kizuizi, kwa sababu lugha hiyo hutofautisha kitu kinachozuia na tendo lenyewe la kuzuia: saku (柵) ni uzio, ilhali fūsa (封鎖) ni kulifunga eneo zima. Neno la kutanguliza ni tachiiri kinshi (立入禁止), yaani ni marufuku kuingia, ambalo huandikwa milangoni, penye ujenzi na hata kwenye utepe wa njano wa polisi uitwao kiseisen. Usilichanganye na tsūkōdome (通行止め), lenye maana kwamba njia imefungwa. Likitanguliwa na sharyō (車両), yaani vyombo vya usafiri, marufuku hiyo huwahusu wenye vyombo hivyo, baiskeli zikiwemo, lakini mtembea kwa miguu hupita. Ikariri vizuri alama 止, iliyomo katika maneno yote mawili, kwani hubeba maana ya kusimama. Kinachonivutia mno ni sekimori ishi, jiwe dogo lililofungwa kamba, ambalo huwekwa kwenye njia ya bustani ya chai, na mgeni anayelielewa hugeuka bila kuambiwa neno.