Taa ndogo inayomaliza betri

Ukiweka kihisi cha joto na unyevu katika banda la kuku hapa Goma, mahali ambapo waya wa umeme haufiki, usitegemee programu ya kulaza mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayokiendesha kihisi) peke yake. Mikrokontrola ya aina ya ESP32 ikiwa katika usingizi mzito hutumia umeme wa takriban mikroampea 10, lakini taa nyekundu ya bodi inayoibeba, ambayo huwaka usiku kucha bila faida yoyote, inaweza kula miliampea nzima, yaani mara 100 zaidi. Iondoe, mimi niliikwangua polepole kwa ncha ya kisu, na bodi ingali inafanya kazi. Kihisi nacho kilishwe kupitia pini (mguu wa kuunganishia waya) ya mikrokontrola, si moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili kipate umeme wakati wa kupima tu. Kihisi cha aina ya DHT22 kisubiriwe kama sekunde 2 baada ya kupata umeme kabla ya kusomwa.